Nilirudi kwa ajili ya herufi

Usiku ule Mama alipopiga simu kutoka Malindi, mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, miguu ameitia ndani ya beseni la maji baridi, na mimi nimejilaza sakafuni kwa sababu ya joto. Ilikuwa Julai 2023, mjini Florence, Italia, na mchana wake tulikuwa tumeingia Uffizi, jumba la picha na sanamu. Jina hilo nilikuwa nikilisikia tangu nilipoanza kazi ya mapokezi hotelini. Malindi kwetu Waitaliano ni wengi, na mgeni akiwa ametoka upande wa Toscana, hapiti siku mbili kabla hajakutajia Uffizi. Kiitaliano changu chote nilikiokota kwao, pale kaunta, nikigawa funguo.

"Haya niambie, mwanangu," Mama akasema. "Katika hayo yote mliyoyaona leo, ni lipi lililokukaa moyoni?"

Nikafungua mdomo, nikakuta sina la kusema. Kwenye simu nilikuwa na picha 214. Nilikuwa nimepita mbele ya kazi za wachoraji Giotto, Botticelli, Leonardo, Michelangelo na Caravaggio, na ningeweza kumsomea Mama majina yao kama orodha ya wageni wa chumba namba fulani hadi namba fulani. Nikamwambia ni vizuri sana, ni vingi mno. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tumekula.

Ukimya wake ule ndio ulionikosesha usingizi.

Siku yenyewe tuliiendesha vibaya tangu asubuhi. Mdogo wangu anamlea bibi mmoja mzee huko Florence, na ruhusa aliyopewa ilikuwa ya nusu siku. Tiketi nilikuwa nimezinunua nikiwa bado Malindi, kwenye tovuti ya wauzaji wa kati niliyoiona mwanzo nilipotafuta, na nikalipa karibu mara mbili. Baadaye ndipo nilipojua kwamba jumba lenyewe lina tovuti yake na bei yake. Anayepanga safari asikubali tovuti ya kwanza inayojitokeza. Tulipofika ilikuwa saa sita mchana, watu wamejaa ua mzima, jua limesimama juu ya vichwa. Kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, maana matembezi huanzia juu, kulitumaliza pumzi. Baada ya hapo ikawa ni mbio. Kila chumba tuliingia, nikainua simu, nikapiga, tukatoka. Venus wa Botticelli, yule mungu wa kike anayetoka baharini, nilimwona kupitia vioo vya simu za watu waliokuwa mbele yangu.

Siku ya pili yake nilikaa nyumbani nikaanza kupitia zile picha, nyingi nikizifuta, kwa kuwa mikono ilikuwa ikitetemeka au bega la mtu limeingia. Nikafika kwenye moja iliyokaa upande, nusu yake ni ukingo wa fremu. Ilikuwa picha kubwa ya dhahabu tupu, Mamajusi, wale wafalme watatu wa mashariki, wamefika kumsujudia mtoto Yesu. Sikukumbuka hata kuipiga. Nikaikuza ili nione uso wa Bi Maryam, na badala ya uso nikaona lile duara la dhahabu linalozunguka kichwa chake. Ndani ya duara mlikuwa na maandishi. Nikaona alif. Nikaona lam. Nikaketi wima.

Nimelelewa chuoni, kwa maana ya chuo cha pwani, ukumbi wa maalimu wenye mikeka, ambako mtoto hujua alif kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Jicho langu haliwezi kupita juu ya herufi za Kiarabu bila kujaribu kuzisoma. Sasa ziko juu ya kichwa cha Bi Maryam, ndani ya picha ya Kikristo iliyochorwa Italia miaka mia sita iliyopita, na mimi jana nilikuwa nimesimama mbele yake na sikuona.

Jioni nikamwambia mdogo wangu nataka kurudi.

"Dada, euro 29?" akauliza. Zilikuwa 25 za kiingilio na 4 za kuweka nafasi, kama shilingi 4,500 za Kenya wakati ule. Yeye anajua euro 29 zinavyopatikana. "Za nini tena?"

Nikamwambia Mama aliuliza swali na sikumjibu. Hakusema kitu zaidi. Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyenikatia nafasi kwenye simu yake, safari hii kwenye tovuti yenyewe, Jumanne saa mbili na robo asubuhi, mlango unapofunguliwa. Jumatatu huwa wamefunga.

Nilikwenda peke yangu, na mkoba mdogo. Asubuhi ile barabara zilikuwa zimemwagiwa maji na ua wa Uffizi ulikuwa karibu mtupu, nikapata kuliona jengo lenyewe. Ni refu na jembamba, mikono miwili inayotazamana, imeunganishwa mwishoni kwenye mto Arno. Uffizi ni neno la kawaida tu la Kiitaliano cha zamani, maana yake ofisi. Mwaka 1560 mtawala Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici alimwagiza Giorgio Vasari ajenge mahali pa kuwakusanya maafisa wa dola yake, makarani na mahakimu, wawe pamoja chini ya jicho lake. Mwanawe Francesco ndiye aliyeitenga ghorofa ya juu iwe ya sanamu na picha, kuanzia 1581. Kujua hivyo kulinituliza. Mimi ni mtu wa kaunta na madaftari, na hapa nilikuwa napanda ngazi za ofisi.

Nikaenda moja kwa moja kwa picha yangu.

Mchoraji anaitwa Gentile da Fabriano. Aliimaliza Mei 1423, na ameandika hivyo mwenyewe chini ya fremu. Ina kimo cha mita tatu, upana karibu sawasawa na huo. Imechorwa juu ya mbao zilizopakwa jasi, na kwa kazi za namna hiyo rangi zilikorogwa kwa kiini cha yai, na dhahabu ilipondwa ikawa ngozi nyembamba kuliko karatasi, ikalazwa juu ya udongo mwekundu, ikasuguliwa hadi ikang'aa. Mahali pengine Gentile ameinua jasi kwanza kabla ya kuweka dhahabu, kwa hiyo taji za wafalme zimetokeza nje kama kitu halisi unachoweza kukivua. Simu haikuwa imenionyesha hilo. Ukisogea hatua moja kushoto mng'ao unahama, ukirudi unarudi nao.

Nikainamisha kichwa begani nianze kusoma. Duara lile limegawanywa vipande kwa maua madogo ya mviringo, na baina ya ua na ua kuna maneno. Alif, lam, tena kitu kama kaf, tena mkunjo ambao ungeweza kuwa ha. Nikajaribu kuunganisha, neno likakatika. Nikaanza upande mwingine, likakatika tena. Shingo ikaanza kuuma.

"Signora, unajisikia vibaya?"

Alikuwa mlinzi wa chumba, mama wa makamo, ameinuka kwenye kiti chake. Aliona nimesimama na kichwa kimelala upande, akadhani nimepatwa na kizunguzungu. Nikamwambia najaribu kusoma. Akavaa miwani yake akaja akasimama kando yangu, na sisi wawili tukainamisha vichwa.

"Unajua Kiarabu?"

"Kusoma najua."

"Na panasemaje?"

Nikamwambia nadhani hapasemi kitu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema ndivyo na yeye alivyoambiwa, kwamba si maandishi, ni mfano wa maandishi. Mchoraji aliona herufi, akazipenda, akaziiga. Kisha akarudi kwenye kiti chake na kuniacha.

Nilisimama pale na jibu nililompa: kusoma najua. Kwa maana mimi nilihitimu juzuu yangu ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nyumbani ikapikwa pilau, nikapambwa, na katika yote niliyoyasoma sikujua maana ya neno hata moja. Nilijua sauti yake. Nilijua umbo lake, wapi herufi inashuka chini ya mstari na wapi inapanda. Niliipenda kabla ya kuielewa, na kuielewa kulikuja polepole, kwa miaka, na bado hakujaisha. Basi mtu huyu wa Fabriano na mimi tulikuwa tumesimama mahali pamoja mbele ya herufi zile zile. Nikaacha kuzisoma. Nikaanza kuzitazama tu, na zilikuwa nzuri ajabu, zimetiwa ndani ya dhahabu kwa mkono usiotetemeka.

Nikamkumbuka mdogo wangu alipokuwa na miaka minne hivi. Alichukua ubao wangu wa chuo, akatia kalamu kwenye wino, akaujaza wote, mistari mitano ya herufi za uongo, zote zikienda kulia kwenda kushoto kama inavyotakiwa. Nililia. Maalimu akauchukua ubao, akautazama muda mrefu, akakataa nisiufute siku ile.

Gentile alizitoa wapi? Hilo nililisoma baadaye, na limenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Florence iko bara, na kwa muda mrefu haikuwa na bandari yake. Iliiteka Pisa mwaka 1406, ikainunua Livorno kutoka kwa Genoa mwaka 1421, na mwaka uliofuata ikatuma wajumbe Kairo kwa Sultani kuomba ruhusa ya kufanya biashara kama Venezia. Vyombo vya shaba kutoka Misri na Sham, sahani na masinia yaliyonakshiwa maandishi ya duara yaliyogawanywa kwa maua, vilikuwa vikithaminiwa sana katika nyumba za matajiri wa Italia. Duara la Bi Maryam limetengenezwa kwa mfano wa masinia hayo. Tajiri aliyelipia picha aliitwa Palla Strozzi, na mmoja wa wajumbe wale wawili wa Kairo, Felice Brancacci, baadaye alikuja kuwa mkwe wake. Mimi mtoto wa bandari habari ya namna hii naielewa bila kuelezwa. Jahazi likifika haliteremshi mizigo peke yake. Huteremsha na namna za kupamba, na namna za kufunga nguo, na maneno. Malindi ndivyo ilivyojengwa.

Nilikaa mbele ya picha ile muda wa kipindi kizima cha darasa. Robo saa ya kwanza niliona wafalme tu. Halafu nikaona mtumishi aliyeinama kumvua mfalme kijana vile vyuma vya kuchokozea farasi vilivyo visiginoni. Mfalme amesimama katikati ya picha kwa fahari zote, na mtumishi amebanwa chini, na wote wawili wamechorwa kwa uangalifu ule ule. Nikaona mfalme mzee ameweka taji lake chini, na mtoto amemwekea kiganja juu ya upara. Nyuma ya Bi Maryam wako wanawake wawili wameshafunua chombo cha zawadi wanachungulia mna nini, kama wanavyofanya wanawake kwenye kila harusi niliyowahi kuhudhuria. Katika vurugu ya msafara mna tumbili. Chini kabisa, kwenye vijipicha vya ukingo, kuna usiku wa kuzaliwa, na mwanga unatoka kwa mtoto mwenyewe na kuwapiga watu usoni. Kikundi kikaja na kiongozi wao, kikakaa dakika mbili, kikaondoka. Sikuwalaumu, nilikuwa mmoja wao siku chache kabla.

Nilipotoka hapo sikuwa na haraka tena. Nilijiwekea vitu vitatu tu zaidi kwa siku ile, na ninamshauri yeyote afanye hivyo: chagua vichache, vilivyobaki vipite kama watu wa sokoni unaowaamkia bila kusimama.

Cha kwanza kilikuwa juu ya kichwa changu. Kwenye korido ndefu, karibu na dari, kuna safu ya picha ndogo za watu mashuhuri, zaidi ya 400, na karibu kila mtu hupita chini yake bila kuinua macho. Asili yake ni mkusanyiko wa Paolo Giovio, askofu aliyependa nyuso za watu wa historia. Cosimo alimtuma mchoraji Cristofano dell'Altissimo kwenda mji wa Como kuzinakili. Nilisikia kwa mgeni mmoja wa hotelini zamani kwamba humo mna mfalme wa Uhabeshi, nikawa sikumwamini. Yumo. Ni Lebna Dengel, aliyetawala kuanzia 1508 hadi 1540, na aliyeandikiana barua na Ureno na Papa. Humo humo yumo na Salahuddin. Nilisimama na shingo yangu iliyokwisha kuumia, nikafikiri juu ya yule mgeni na jinsi nilivyomwitikia "certo, certo" huku nikitafuta funguo yake.

Cha pili kilikuwa Venus. Asubuhi ile chumba cha Botticelli kilikuwa na watu kama ishirini. Picha hiyo ya mwaka 1485 hivi ni ya turubai, si ya mbao kama jirani yake, picha nyingine ya Botticelli ya majira ya kuchipua, na rangi zake zimetulia kama zilizochujwa. Watu humtazama mwanamke. Mimi nilitazama bahari, kwa kuwa hiyo ndiyo niliyokulia. Mawimbi yake ni vialama vidogo tu vyeupe, kama mashono ya kikapu, na kombe linaloelea halizami wala halirushi maji. Hakuna bahari ya namna hiyo. Lakini upepo, huo ni wa kweli. Unatoka kushoto, mashavu ya wanaoupuliza yamevimba, na kila kitu kimeuitikia: nywele, nguo, maua yanayodondoka, hata shuka analotandaziwa afunikwe nalo. Ukisimama ufukweni kwetu kusi ikianza kuvuma utaona kanga zote zimeegemea upande mmoja hivyo hivyo.

Cha tatu hakikuwa picha. Nilikaa dirishani pale korido inapopinda, unapoona Arno na daraja la Ponte Vecchio, nikasoma habari za Anna Maria Luisa de' Medici. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho wa ukoo. Mwaka 1737, mdogo wake wa kiume alipokufa na utawala ukapita kwa ukoo mwingine, alifanya mkataba na watawala wapya: mali ya sanaa ya Medici wanaipata, lakini hakuna kitu kitakachotolewa Florence. Sababu zimeandikwa, kwamba ni pambo la dola, ni manufaa ya umma, na ni cha kuwavuta wageni. Alikufa 1743, na mwaka 1769 milango ikafunguliwa kwa umma. Mimi na tiketi yangu ndio wageni aliowasema.

Hapo moyo ulinilemea, na nitasema kwa nini. Majirani zetu Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu vigango, mbao ndefu zilizochongwa na kunakshiwa, ziwe makao ya roho ya marehemu. Kigango hakihamishwi. Kinaachwa mahali pake mpaka mchwa na mvua vikimalize. Kwa miaka mingi vigango viliibwa, vikauzwa kwa watalii na kwa wafanyabiashara, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani. Jumba moja la Denver liliamua mwaka 2014 kurudisha 30, na ilikuwa 2019 ndipo vikafika Kenya. Nilipokuwa mgeni kazini, asubuhi moja nilimwona mtalii akiondoka na kitu kirefu kilichofungwa gunia na kamba. Nilijua ni nini. Niliangalia kitabu cha wageni, nikampa risiti yake, nikamtakia safari njema. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na niliiogopa kazi yangu. Lakini nilijua. Nikiwa pale dirishani, nikisoma habari za karatasi iliyotiwa saini na mwanamke mmoja aliyeujua uzito wa vitu vyake, sikuweza kulikwepa hilo.

Usiku ule nilimpigia Mama mimi. Nikamweleza picha moja tu. Akauliza farasi wana rangi gani. Akauliza wale wanawake waliofunua zawadi wamefunga vipi vichwa. Akauliza herufi zimeandikwa kwa wino au kwa nini. Mdogo wangu akaacha kuosha vyombo akaja akakaa tumsikilize pamoja, na bando likaisha Mama akiwa katikati ya swali.

Niliporudi Malindi nilikwenda kumwamkia maalimu. Ni mzee sana sasa, amekaa barazani mchana kutwa, jicho moja halioni vizuri. Nilikuwa nimelichapisha lile duara kwenye karatasi kubwa pale kwenye duka la picha, maana skrini ya simu humsumbua. Nilimwambia habari yote, Bi Maryam, Kairo, masinia ya shaba. Akaivuta karatasi karibu na uso.

"Hii alif," akasema, na kidole chake kikaifuata kutoka juu hadi chini. "Hii alif. Hii lam. Hii…" Kidole kikasimama. "Hii siijui."

Akaruka ua, akaendelea na kipande kilichofuata. Alizunguka duara zima hivyo, herufi kwa herufi, akizitaja anazozijua na kuzisimamia asizozijua, mpaka akafika alipoanzia. Kisha akasafisha miwani kwa ncha ya kikoi, akaivaa, akaanza tena.